Filamu za mandhari zisizo na maneno: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watazamaji wa Mombasa

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kutazama nyumbani zile filamu za mandhari na tamaduni za dunia ambazo hazina msimulizi, na ambazo mawingu yake hukimbia kama yanafukuzwa. Majibu yote yamesimama juu ya jambo moja: filamu isiyo na maneno haina cha kukupa ila picha na sauti. Ukiharibu kimojawapo, hakuna mazungumzo ya kukushikilia mpaka mwisho, na ndiyo maana watu wengi huizima kwenye dakika ya kumi wakidhani filamu ndiyo mbaya.

Hizi ni filamu za aina gani hasa?

Ni makala ya sinema yasiyo na msimulizi, mahojiano wala maandishi ya kufafanua chini ya picha. Kuna mandhari, watu, miji, ibada, viwanda, na muziki uliofungamanishwa na picha hizo. Mzizi wake ni wa zamani. Mwaka 1929 Dziga Vertov alitoa *Man with a Movie Camera*, iliyopigwa katika miji ya Muungano wa Kisovieti, bila yale mabango ya maneno yaliyokuwa desturi ya sinema bubu. Iliyoufungua mlango kwa watazamaji wa zama zetu ni *Koyaanisqatsi* ya Godfrey Reggio, ya 1982, yenye muziki wa Philip Glass. Jina hilo ni la lugha ya Wahopi wa Marekani, na maana yake ni maisha yaliyopoteza mizani. Mpigapicha wake, Ron Fricke, baadaye aliongoza *Chronos* (1985), *Baraka* (1992) na *Samsara* (2011). *Baraka* ilipigwa katika nchi 24, *Samsara* katika nchi 25 kwa muda unaokaribia miaka mitano. Jina la *Baraka* halihitaji mkalimani hapa kwetu.

Mawingu yanakimbiaje namna ile?

Kamera ya kawaida ya sinema hupiga fremu 24 kwa sekunde na huonyeshwa kwa kasi hiyohiyo. Katika taimulapsi, kamera hupiga fremu moja, ikasubiri, ikapiga nyingine. Tuseme imesimama mahali kwa muda wa saa nane ikipiga fremu moja kila sekunde 10. Hizo ni fremu 2,880. Zikionyeshwa 24 kwa sekunde, saa nane zote zimekuwa dakika mbili. Wingu lililochukua nusu saa kuvuka kilele cha mlima sasa linavuka kwa sekunde saba na nusu.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni mpaka waonyeshwe. Kila fremu inaweza kuachwa wazi kwa muda mrefu, sekunde moja, mbili, au zaidi. Mtu anayetembea ndani ya muda huo hachoreki kama mtu, anachoreka kama ukungu. Ndiyo sababu mahujaji wanaotufu Kaaba katika *Baraka* huonekana kama maji yanayozunguka jabali, ilhali Kaaba yenyewe imetulia tuli, na aliyesimama kuswali anaonekana wazi. Na ukiona kamera yenyewe inasogea taratibu huku nyota zikipita, ujue imewekwa juu ya reli yenye mota inayosogea kidogo mno kati ya fremu na fremu, usiku kucha.

Nianze na ipi?

*Baraka*. Ina dakika 96, mwendo wake una pumzi, na picha zake zilipigwa kwa filamu pana ya milimita 70, kwa hiyo hata runinga ya kawaida inapata kitu cha kuonyesha. Kama huna hakika na subira ya nyumba yako, anza na *Chronos*, ambayo haizidi robo tatu ya saa. *Koyaanisqatsi* ina dakika 86 lakini ni kali: kuna sehemu ndefu ya magari na umati wa mjini inayokwenda kwa kasi na muziki unaojirudia, na mtu asiyeizoea huchoka. Iwe ya pili au ya tatu. *Samsara*, dakika 102, ina picha nzito. Soma jibu la watoto hapa chini kabla hujaiweka mbele ya familia.

Bila msimulizi nitajuaje pale ni wapi?

Mara ya kwanza usijue. Si kitendawili cha kuteguliwa. Mtu mmoja akishika simu na kuanza kutangaza "hapa ni Nepali, hapa ni Indonesia", wenzake wataacha kutazama na kuanza kusikiliza, na hapo filamu imekwisha. Majina ya mahali tafuteni baadaye, au mara ya pili ya kuitazama.

Badala ya kuuliza wapi, angalia picha moja imewekwa jirani na ipi. Katika *Baraka* vifaranga wanateleza kwenye mkanda wa kiwanda, wanatupwa huku na huku na mikono inayowachambua. Kisha wanakuja watu wa Tokyo, wamebanana kwenye ngazi za umeme za stesheni, nao wanateleza vilevile. Hakuna anayekwambia kitu. Mwendo wa mkanda na mwendo wa ngazi ndio msimulizi. Na karibu na mwanzo kuna kima wa Japani aliyekaa ndani ya maji ya moto, theluji kichwani. Tazama kope zake zinavyoshuka, zikafunguka, zikashuka tena. Picha hiyo haikatwi upesi. Ukimpa muda wake, umeshafundishwa namna ya kuitazama filamu yote iliyobaki.

Runinga yangu ni inchi 43. Inatosha?

Inatosha, ila sogea. Sebule nyingi za Mombasa zina makochi yaliyoegemea ukuta wa mbali, mita tatu au zaidi kutoka kwenye runinga. Kwa taarifa ya habari ni sawa. Kwa filamu hizi, mita tatu mbele ya inchi 43 ni sawa na kuitazama bahari kupitia tundu la ufunguo.

Kanuni rahisi: pima kimo cha kioo cha runinga, zidisha kwa tatu. Inchi 43 ina kimo cha sentimita 53 na nusu, kwa hiyo ukae kama mita 1.6. Inchi 32, kama mita 1.2. Inchi 55, mita 2 na kidogo. Njia nyepesi ni kutandika mkeka au godoro la sponji mbele ya makochi na kukaa chini, na runinga ishushwe ili jicho lilingane na katikati ya kioo. Runinga iliyotundikwa juu karibu na dari huumiza shingo ndani ya nusu saa.

Mbona kuna utepe mweusi juu na chini?

Kwa sababu picha ni pana kuliko runinga. Filamu ya milimita 70 ina upana wa mara 2.2 ya kimo chake. Runinga ni mara 1.78 tu. Kwenye inchi 43, kila utepe unafika sentimita tano hivi. Usibonyeze "Zoom" kuuondoa. Ukifanya hivyo unakata pembeni karibu sehemu moja ya tano ya picha, na mpigapicha aliyesimama jangwani siku nzima hakuweka kitu pembeni kwa bahati mbaya.

Picha inaonekana laini mno, kama tamthilia ya mchana. Kasoro ni nini?

Hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, na haiko kwenye filamu. Runinga nyingi za kisasa hutoka dukani zikiwa zimewashiwa kitu cha kulainisha mwendo: runinga inabuni fremu za uongo na kuzipachika kati ya fremu za kweli. Kwenye mpira wa miguu wengine hukipenda. Kwenye taimulapsi kinaharibu, kwa sababu wingu la fremu hii halifanani na la fremu inayofuata, na runinga inapobahatisha, kingo za paa na vilele vya milima hutetemeka kama zinaonwa kupitia mvuke wa sufuria.

Fungua mipangilio ya picha kwenye runinga. Chagua "Movie", "Cinema" au "Filmmaker Mode". Kisha tafuta kulainisha mwendo: kwenye Samsung huitwa "Auto Motion Plus" au "Picture Clarity", kwenye LG ni "TruMotion", kwenye Sony ni "Motionflow". Izime. Baada ya hapo:

Ukali wa picha, "Sharpness", ushushe mpaka sifuri au karibu nayo. Namba kubwa haiongezi undani, inachora mstari mweupe pembeni mwa kila kitu. Zima "Noise Reduction", maana huchukulia nyota ndogo kuwa uchafu na kuzifuta. Ukiona anga la usiku jeusi tupu mahali ambapo pangejaa nyota, mkosaji ni huyu. Zima pia kuokoa umeme, ile inayopunguza mwangaza yenyewe kila picha inapokuwa na giza. Rangi iwe upande wa "Warm". Dakika tano za kwanza utaona picha imekuwa ya manjano. Jicho likishazoea, theluji itaonekana nyeupe na ngozi za watu zitaonekana ngozi.

"Vivid", ile hali ya picha yenye rangi kali, ni ya dukani, kushindana na taa za duka. Nyumbani usiku inageuza kila machweo kuwa rangi ya soda ya machungwa.

Nikitazama kwa intaneti, anga inajaa miraba na mistari. Ni runinga?

Mara nyingi ni mtandao. Video ya intaneti hupunguzwa uzito kwa kuhifadhi tu kile kinachobadilika kati ya fremu na fremu. Mtangazaji aliyeketi mezani habadiliki sana, kwa hiyo data chache zinamtosha. Katika taimulapsi karibu kila kitu kinabadilika kila fremu: mawingu, mawimbi, majani, vivuli. Data ileile haitoshi, na programu inaanza kufinyanga miraba. Anga la alfajiri, ambalo rangi yake hubadilika kidogo kidogo, hugawanyika vipande kama ngazi.

Chagua ubora wewe mwenyewe, usiache kwenye "Auto". Kwa kiwango cha 1080p tenga gigabaiti 2 mpaka 3 kwa saa. Kwa 4K inaweza kufika 7. *Baraka* nzima kwa 1080p itakula kama gigabaiti 4 au 5, kwa hiyo bando la siku la gigabaiti moja halikufikishi popote. Programu ikiruhusu kupakua, pakua usiku uliotangulia. Saa mbili hadi saa nne usiku ndipo kila nyumba ya mtaa iko mtandaoni, na kasi ya saa kumi alfajiri hutaipata wakati huo.

Kurusha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye runinga kwa namna ya kuakisi kioo cha simu ni njia ya mwisho kabisa. Simu inaibana video upya mara ya pili, na miraba inazidi. Afadhali programu ya ndani ya runinga, au waya wa HDMI kutoka kwenye kompyuta.

Nina faili halali kwenye flashi lakini runinga haiisomi.

Mambo matatu. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili moja linalozidi gigabaiti 4, na filamu nzuri huzidi; iandae upya kwa exFAT, ukikumbuka kwamba kuandaa upya hufuta kila kilichomo. Pili, runinga ya zamani huenda haielewi ufinyazo wa H.265, yaani namna mpya ya kubana video, tafuta toleo la H.264. Tatu, ikiwa picha inakwama kwama hasa penye maji na majani, flashi yenyewe ni ya polepole. Iweke kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lile la buluu, kama runinga inalo.

Diski bado zina maana?

Kwa filamu hizi, ndiyo, kuliko aina nyingine yoyote. Video ya Blu-ray inaweza kufika megabiti 40 kwa sekunde. Ya intaneti ya 1080p kwa kawaida iko kwenye 5 au pungufu ya 10. *Baraka* ilitolewa upya kwa Blu-ray mwaka 2008 baada ya filamu asilia kuskaniwa kwa ubora wa 8K, na kazi hiyo inaonekana.

Ukiagiza kutoka nje angalia kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezewa. Afrika na Ulaya ziko kanda B ya Blu-ray. Marekani ni A. DVD ni hadithi nyingine: Kenya iko kanda ya 5, Ulaya ya 2, Marekani ya 1, kwa hiyo ndugu wa London akikutumia DVD huenda deki yako ikaikataa hata kama Blu-ray yake ingekubalika. Deki zinazosoma kanda zote zipo, uliza kabla ya kulipa.

Unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye diski zilizofungiwa kabatini. Ziweke wima, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo unafuata njia ileile ya data na deki inapotea.

Sauti ina umuhimu gani wakati hakuna anayezungumza?

Ndiyo nusu ya filamu. Spika za runinga nyembamba zinatazama nyuma au chini, na hazina besi. Ngoma za mbali, upepo, kengele za hekalu, zote zinakuwa mlio mmoja wa bati. Hata ile wufa ya kawaida yenye spika mbili ndogo inabadilisha kila kitu. Spika ziweke kulia na kushoto, umbali kati yake ukaribiane na umbali wako kutoka kwazo. Wufa isikae kwenye pembe ya ukuta. Nyumba za matofali na sakafu ya saruji zina mwangwi, na besi kwenye pembe huvimba mpaka inafunika kila kitu, kisha jirani wa chini anagonga. Isogeze nusu mita kutoka ukutani. Mkeka, mazulia na pazia nzito vinasaidia kumeza mwangwi.

Spika ya bluetooth inafaa hapa kuliko kwenye filamu za kawaida. Uchelewaji wake hukera mdomo wa mtu unapotangulia sauti, na humu hakuna midomo ya kufuatwa.

Zima "Night Mode" ya sauti. Inainua kimya na kushusha kishindo mpaka vikae sawa, wakati filamu hizi hukaa kimya makusudi kabla ya kishindo.

Na pangaboi?

Swali la haki, maana bila pangaboi hakuna atakayekaa dakika 96 mwezi wa pili wakati wa kaskazi. Pangaboi la kasi ya tano hufunika sauti zote za chini. Washa kasi kubwa nusu saa kabla, chumba kipoe, kisha lishushe hadi ya pili filamu inapoanza. Kama linalia kwa kila mzunguko, kaza skrubu za mapanga na zile za kikombe cha juu, stima ikiwa imezimwa. Feni ya kusimama iwekwe nyuma ya watazamaji, isipulize kuelekea spika.

Kama taa iko juu ya pangaboi, izime kabisa. Mapanga hukata mwanga wake na kivuli kinapita juu ya kioo bila kukoma.

Saa gani inafaa?

Usiku. Hapa jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia haraka. Saa moja na robo chumba kimeshatulia. Kwa nyumba ya Waislamu, muda kati ya magharibi na isha hautoshi filamu nzima, kwa hiyo anzeni baada ya isha, kwenye saa mbili. Mkianza mapema, mtaikata katikati, na filamu hizi zikikatwa huchukua dakika kumi kurudi mahali pake.

Dirisha la luva hupitisha taa ya barabarani kwa mistari. Leso mbili zilizokunjwa pamoja na kubanwa juu kwa vibanio vya nguo zinatosha kuziba. Kaa mahali pako runinga ikiwa imezimwa na uangalie kioo: chochote unachokiona humo, balbu, mlango wa jikoni, dirisha, ndicho utakachokiona ndani ya kila picha ya usiku.

Tunataka kutumia projekta darini, juu ya paa.

Vizuri sana, hasa usiku usio na mwezi. Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha 125, na projekta nyingi za kawaida huhitaji kama mita 2.7 kuifikisha. Usinunue kwa kufuata namba ya lumeni, kipimo cha mwangaza, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Uliza lumeni za ANSI, zile zilizopimwa kwa utaratibu rasmi. Kwa inchi 100 gizani, 500 za ANSI ni za kuanzia. Boksi lisilotaja ANSI kabisa, liache dukani.

Shuka moja jepesi hupitisha mwanga. Kunja mbili, au paka ukuta rangi nyeupe isiyong'aa, ambayo ni bora zaidi. Upepo wa kusi hugeuza shuka kuwa tanga, na milima inaanza kucheza. Pitisha bomba la plastiki la maji kwenye pindo la chini, lifunge kwa kamba pande zote mbili, na shuka lifungwe kwa pointi nne juu badala ya mbili. Ukiwa ndani, hakikisha mwanga wa projekta haupiti kwenye mapanga ya pangaboi, la sivyo picha itapepesa.

Ikimaliza kazi, usiichomoe mara moja. Zima kwa rimoti, subiri feni yake inyamaze, ndipo uchomoe. Usiiache juu usiku kucha. Umande wenye chumvi unaingia kwenye lenzi na kuacha doa la kudumu.

Stima ikikatika katikati?

Chomoa runinga. Hatari haiko kwenye kukatika, iko kwenye kurudi, ambapo umeme huja na msukumo. Kile kisanduku cha TV guard kinasaidia kwa sababu kinasubiri dakika chache kabla ya kupitisha stima. Ikirudi ndani ya robo saa, rudisha filamu nyuma dakika tatu na muendelee. Ikizidi hapo, afadhali kuanza upya siku nyingine. Kuhusu tokeni usiwe na wasiwasi: runinga ya inchi 43 hutumia kama wati 80, kwa hiyo saa mbili hazifiki hata sehemu moja ya tano ya uniti.

Watoto waangalie?

Wa umri wa shule wanaweza kutazama *Chronos* bila shida. *Baraka* ina maiti inayochomwa kando ya mto Ganges huko India, mafuvu na kambi za mauaji, visima vya mafuta vinavyowaka Kuwait, na watu wa jamii za msituni walio nusu uchi kwa desturi yao. *Samsara* ina viwanda vya kuchinja wanyama, silaha, wacheza ngoma waliovaa nguo chache mno, na mtu anayejipaka udongo usoni kwa namna inayotisha hata wakubwa. Mtazame nyinyi wazazi kwanza, mwandike dakika ambazo hamzitaki.

Mtoto akiuliza "kwa nini wanafanya hivyo?" mjibu, hata kama ni katikati. Hapo hujaharibu kitu. Kuuliza kwake kunaonyesha picha imemfika.

Kuna ibada za dini nyingi humo. Na sisi nyumbani hatusikilizi muziki.

Ibada zinaonyeshwa kwa kutazamwa, hakuna anayeshawishi wala kukejeli. Utaona sala, madarweshi wanaozunguka, watawa wa Kibudha, mahujaji wa Makka. Kila nyumba inajua mipaka yake. Kuhusu muziki, punguza sauti hadi inakotosha kwenu au izime. Picha zitasimama peke yake, ingawa mtapoteza mwendo uliozifunga pamoja. Tusichokipendekeza ni kuweka wimbo mwingine juu yake. Picha zilikatwa kufuata mapigo fulani, na wimbo mwingine unazifanya zionekane tangazo la hoteli.

Mtu wangu anapata kisunzi.

Asogee nyuma mita moja na muwashe taa ndogo nyuma ya runinga, si mbele. Mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga wa kupepesa aepuke kabisa sehemu za miji za mwendo wa kasi.

Chakula gani?

Kisichopiga kelele. Krispi za muhogo ziliwe kabla, maana mfuko mmoja unatosha kufunika kimya cha jangwa zima. Kaimati, tende na kahawa chungu havina ubaya. Simu zikae chumba kingine. Mwanga wa simu moja gizani unavuta macho ya watu wote.

Nikiwaita majirani na kutoza kiingilio?

Familia na wageni nyumbani ni jambo moja. Ukitoza, au ukionyesha hadharani, unahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya na idhini ya mwenye haki za filamu. Kumiliki diski hakukupi idhini hiyo.

Naweza kupiga yangu mwenyewe hapa Mombasa?

Unaweza, na kujaribu mara moja kunakufanya uone filamu hizi kwa jicho jingine. Somo zuri kuliko yote ni bahari. Kutoka maji kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita na dakika 12. Ukipiga fremu moja kila sekunde 10 unapata fremu 2,232, yaani dakika moja na nusu ya filamu. Chagua siku za bamvu, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapopanda zaidi ya mita tatu. Maji mafu hayana cha kuonyesha.

Simu iwe kwenye miguu mitatu iliyoning'inizwa mfuko wa mchanga, kwa ajili ya upepo. Iweke kwenye hali ya ndege, la sivyo simu moja ikiingia inakata kazi ya saa tano. Funga fokasi na mwanga kwa kushikilia kidole kwenye picha mpaka ikubali. Usipofanya hivyo, kila wingu likipita picha itapepesa. Unganisha pawabenki. Kata kipande cha kadibodi kiwe mwavuli wa simu, kwa sababu jua la saa sita huichemsha mpaka ijizime, na futa chumvi kwenye lenzi kabla hujaanza, kwani ukishaanza huruhusiwi kuigusa. Usielekeze kamera bandarini, kwenye kambi wala kwenye kivuko bila ruhusa. Kama una dirisha au baraza linalotazama maji, huna haja ya kwenda popote: dau lililofungwa matopeni asubuhi, likiwa limelala ubavu, litainuka lenyewe mbele ya kamera yako, lisimame wima, kisha ligeuke kufuata mkondo.